Kuomba famasi ukiwa Mbeya au Iringa: herufi moja ya jina na somo uliloacha kidato cha tatu

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Dirisha kubwa la maombi ya vyuo vya kati hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka. Hapo katikati kuna miezi minne, mitano, ambayo wengi huimalizia shambani, dukani kwa mjomba Mwanjelwa au kwenye kozi ya kompyuta. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuifikia Juni cheti cha kuzaliwa kikiwa bado kwenye sanduku la bibi Tukuyu na hakuna aliyewahi kukisoma herufi kwa herufi. Kazi kubwa ya kuomba famasi hufanyika kabla mfumo haujafunguliwa. Kujaza fomu yenyewe ni nusu saa, umeme ukiwepo.

Unaomba kuwa nani?

Watu husema "nataka kusoma famasi" kana kwamba ni kitu kimoja. Baraza la Famasi, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, linatambua ngazi tatu za wanataaluma, na kila moja ina mlango wake. Mfamasia ni mwenye shahada: miaka minne chuoni, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi chini ya usimamizi, ndipo usajili. Fundi dawa sanifu ni mwenye diploma ya miaka mitatu. Fundi dawa msaidizi ni yule aliyeishia kwenye cheti cha miaka miwili. Diploma imepangwa kwa ngazi za NTA, yaani ngazi za taifa za tuzo za ufundi: mwaka wa kwanza ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5, wa tatu ngazi ya 6. Kwa hiyo anayekwama ada baada ya mwaka wa pili hatoki mikono mitupu, ila atoke akijua anatoka na nini.

Kuna pia kozi fupi ya watoa dawa wa duka la dawa muhimu, yale maduka yaliyochukua nafasi ya "duka la dawa baridi". Mpango wake ulianzia huku huku kusini, mkoani Ruvuma, mwaka 2003. Ni kazi halali na vijiji vingi vya Ileje na Ludewa vinaitegemea, lakini haikufanyi fundi dawa. Ukimsikia mtu stendi anakwambia "soma miezi michache ufungue famasi", jua anachanganya duka la dawa muhimu na famasi. Famasi lazima iwe na mfamasia msimamizi aliyesajiliwa. Hata mwenye diploma anayeota kufungua ya kwake pale Kabwe atatakiwa kuwa na mfamasia huyo kwenye karatasi, na kumlipa.

Tofauti hii inaamua mambo mawili: utapeleka maombi wapi, na ni masomo gani yatatazamwa kwenye matokeo yako.

Diploma: hesabu ya D nne

Sharti la kuingia diploma ya sayansi ya famasi ni ufaulu usiopungua masomo manne yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Ufaulu hapa ni kuanzia D, yaani alama 30 na kuendelea. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza nzuri. Ukiwa nazo unapanda kwenye foleni, ukizikosa hufukuzwi mlangoni.

Inaonekana rahisi mpaka uweke matokeo halisi mezani. Chukua karatasi ya namna hii: Uraia D, Jiografia D, Kiswahili C, Kiingereza D, Maarifa ya Biblia B, Kemia D, Historia F, Baiolojia F. Huyu amefaulu masomo sita na nyumbani wameshachinja kuku, lakini diploma ya famasi hapati, kwa sababu hana Baiolojia. Mwingine ana Kiswahili C, Elimu ya Dini ya Kiislamu C, Kemia D, Baiolojia D, mengine yote F. Huyu ana masomo yote mawili ya lazima, lakini akiondoa somo la dini anabaki na matatu. Naye hapati. Waliosoma seminari na shule za makanisa, na nyanda za juu zimejaa shule hizo, wahesabu mara mbili kabla ya kulipia fomu.

Aliyekosa somo moja ana njia: arudie hilo hilo Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yake ya mtihani itaanza na P badala ya S, na wakati wa kuomba ataingiza namba zote mbili, ya mtihani wa kwanza na ya marudio. Kosa linalotokea ni kuingiza ile ya pili peke yake kwa kudhani imefuta ya kwanza. Mfumo unasoma matokeo moja kwa moja kutoka NECTA, Baraza la Mitihani, kwa hiyo ukiingiza marudio tu utaonekana mtu mwenye somo moja maisha yake yote. Ukichagua kituo cha kurudia Kemia au Baiolojia, uliza kwanza kuhusu maabara, na uliza kwa kuingia uione.

Fizikia, somo linalokumbukwa miaka sita baadaye

Hapa niende polepole, kwa sababu hili halina marekebisho ya haraka.

Kwa mtaala uliozoeleka, mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Baiolojia inabaki kwa wote. Anayeacha Kemia amejifungia famasi yote, na hilo huliona mapema. Anayeacha Fizikia haoni chochote, kwa kuwa diploma ya famasi haimdai Fizikia. Anasoma miaka mitatu, anafaulu vizuri, anaajiriwa, kisha anataka shahada. Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa wenye diploma wanaokwenda shahada ya famasi umekuwa ukidai wastani wa B kwenye diploma, na juu yake angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hapo ndipo F ya Hisabati ya mwaka wa nyuma kabisa, au Fizikia ambayo haikufanywa kabisa, inarudi kumdai. Wapo mafundi dawa watu wazima wanaojiandikisha kufanya Fizikia ya kidato cha nne pamoja na watoto wa majirani zao. Inawezekana, lakini ni mwaka mzima wa jioni.

Kwa hiyo mzazi wa mtoto aliyeko kidato cha pili Makambako au Mbozi: kama famasi imeshatajwa nyumbani, Fizikia isiachwe, hata kama walimu ni wachache. D inatosha.

Shahada: PCB na pointi

Kwa wa kidato cha sita, famasi inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu zikiwa ufaulu wa kiwango kamili, yaani A hadi E, na jumla isipungue pointi 6. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. S haihesabiki kama ufaulu kamili hata ikikupa nusu pointi. Mwenye Kemia B, Baiolojia D na Fizikia S ana pointi 6.5 na bado hana sifa. Aliyesoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) hana Fizikia, hivyo famasi ya moja kwa moja haimhusu hata akiwa na A tatu. Pia usiangalie jumla peke yake. Mwongozo hutaja alama ya chini kwa kila somo, na kwenye famasi Kemia ndiyo hutazamwa kwa jicho kali.

Chuo kikuu cha zamani kabisa kwa famasi nchini ni MUHAS pale Upanga, Dar es Salaam, ambako shahada hii inafundishwa tangu miaka ya 1970. Shahada ya famasi inapatikana pia CUHAS Bugando, Mwanza, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma. Ukitokea Iringa, Dodoma ndiyo ya karibu, unapita Mtera. Nauli ya Mwanza mara nne kwa mwaka si jambo la kupuuza, iandike kwenye bajeti pamoja na ada.

Maombi ya shahada yanapelekwa chuo kimoja kimoja, kila chuo na mfumo wake. TCU haipokei maombi ya mwanafunzi. Pointi 6 zinakupa haki ya kuomba, hazikupi kiti. Mwenye pointi 6 au 7 anayeomba MUHAS peke yake anachezea awamu ya kwanza. Aombe, lakini aombe na vyuo vingine viwili siku hiyo hiyo, kwa sababu awamu ya pili hufunguliwa kwa nafasi zilizobaki tu, na famasi haina kawaida ya kubakiza nyingi.

Anayetoka diploma anahitaji kitu kimoja cha ziada: AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Huipati kama chuo chako hakijawasilisha matokeo yako ya mwisho. Usingoje dirisha la TCU lifunguke Julai ndipo ugundue chuo kimelala. Piga simu chuoni mara matokeo yanapotoka, na ukiona kimya, nenda mwenyewe.

Jina

Sasa tufungue lile sanduku. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti au matokeo ya kidato cha nne, na namba ya NIDA kama umefikisha miaka 18. Soma herufi kwa herufi, kwa sauti, mtu mwingine akishika karatasi nyingine.

Huku kwetu R na L hubadilishana viti bila kuulizana. Erasto wa NECTA ni Elasto wa cheti cha kuzaliwa. Rabson ni Labson. Mwakyoma anakuwa Mwakioma. Atupele anaandikwa Atupelye kwa sababu karani alimsikiliza bibi, na bibi alitamka sawasawa kwa Kinyakyusa. Halafu kuna jina la tatu: shuleni mtoto aliandikwa jina la babu, kwenye cheti kuna jina la ukoo. Herufi moja ya katikati badala ya jina kamili, kama "J" badala ya "Japhet", kwa kawaida haisumbui. Jina la mwisho tofauti linasumbua, na linasumbua zaidi kwenye mkopo kuliko kwenye udahili.

Kanuni ya kurekebisha ni moja: karatasi nyingine zote zifuate NECTA. Jina la cheti cha mtihani ndilo gumu kuliko yote kuligusa baada ya mtihani kufanyika. Cheti cha kuzaliwa kinarekebishika RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Tofauti ya tahajia humalizwa kwa marekebisho RITA au kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina kubadilika kabisa kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Usikubali mtu wa steshenari akuambie kiapo kinatosha kwa kila kitu, maana hatakuwepo siku karatasi itakaporudishwa.

Kwa mkoa wa Mbeya kuna jambo la pekee. Mwaka 2013 RITA ilianzia hapa mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, vyeti vikitolewa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, vimeandikwa kwa mkono. Watoto wale ndio sasa wanamaliza kidato cha nne. Cheti kile ni halali, ila mwandiko wa mkono una tabia zake: "u" iliyofunguka inasomeka "n", mwaka 2008 unasomeka 2003. Na ukiona kimeandikwa Mbozi au Momba, Mkoa wa Mbeya, usikimbilie kukirekebisha. Songwe ilikuwa bado haijazaliwa. Ilitengwa mwaka 2016. Vivyo hivyo Njombe kwa Iringa, mwaka 2012. Anayeomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, atahitaji uhakiki wa cheti hicho kupitia mfumo wa RITA, na jibu likirudi kwamba taarifa hazionekani, anza na ofisi ya usajili ya wilaya ulikozaliwa ukiwa na cheti chenyewe mkononi. Nakala haitoshi. Safari ya kwenda Ileje na kurudi ifanye Machi. Agosti utakuta foleni ya wenzako wote.

Chuo ni chuo, kozi ni kozi

Kabla ya kuchagua, fungua orodha ya NACTVET. Vyuo vya afya vina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS. Namba hiyo inasema chuo kipo. Haisemi kwamba kila kozi iliyo kwenye bango lake imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha utabibu miaka mingi huku famasi ikiwa bado kwenye maombi, na bango la barabarani limeshatangulia. Tafuta jina la kozi yenyewe chini ya jina la chuo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo, sio wa mwaka juzi uliotumwa kwenye grupu la WhatsApp.

Ukifika chuoni kuangalia, omba kuona maabara ya famasi. Uliza vitendo vinafanyika hospitali gani, na kama nauli na makazi ya vitendo vimo ndani ya ada. Uliza ada ya mitihani ya wizara, sare na koti jeupe, bima ya afya, hosteli. Ada inayotajwa mdomoni mara nyingi ni ile ya kufundishwa tu. Ada yenyewe iko ukurasa wa nyuma wa fomu ya kujiunga. Muulize mhasibu pia kama wanapokea kwa awamu, na tarehe za awamu hizo. Familia inayongoja mahindi yapate bei au kahawa ya Mbozi ilipwe haina fedha kwa kalenda ya chuo, na ni rahisi kukubaliana kabla ya kuripoti kuliko mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Siku ya kujaza

Katika miaka ya karibuni maombi ya diploma za afya yamekuwa yakipitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Tangazo la mwaka husika ndilo linaloamua. Mambo matatu huharibika hapa.

La kwanza ni namba ya simu. Kijana hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake, mhudumu wa steshenari anaweka yake "kwa muda". Nywila, ujumbe wa kuchaguliwa, na kwa wa shahada ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo, vyote vinakwenda kwenye simu ya mtu ambaye amehudumia watu mia mbili wiki hiyo. Tumia laini ya mzazi kama yako haipo, na iandike nywila kwenye daftari, sio nyuma ya risiti.

La pili ni malipo. Mfumo unatoa kontroli namba, unalipia kwa simu kupitia malipo ya serikali. Yeyote anayekutaka utume ada ya maombi kwenye namba binafsi ya simu, hata akiwa amevaa kitambulisho, mwache. Malipo yakishapita, rudi kwenye mfumo uone yamesomeka kabla hujafunga ukurasa. Wapo wanaolipa, wanakwenda nyumbani, na fomu inabaki haijawasilishwa kwa sababu kitufe cha mwisho hakikubonyezwa.

La tatu ni mpangilio wa machaguo. Vyuo vya serikali vina ada nafuu na foleni ndefu. Mwenye Kemia D na Baiolojia D akijaza vyuo vya serikali vitupu anajaza bahati nasibu. Weka kimoja unachokitamani, kisha vile ambavyo matokeo yako na mfuko wa nyumbani vinafika.

Kwa wa shahada waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, uthibitisho una tarehe ya mwisho. Anayepitisha tarehe hiyo anaweza kujikuta bila chuo chochote.

Sindano na mkopo

Kozi za afya zinakuweka karibu na damu na wagonjwa, na vyuo vingi hudai chanjo ya homa ya ini aina ya B. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Piga hesabu. Ukianza Februari, ya pili ni Machi, ya tatu Agosti, unaripoti ukiwa umemaliza. Ukianza siku uliyopokea fomu ya kujiunga, utaripoti na dozi moja au mbili. Pima kwanza, ndipo uchanje. Fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe hospitali ya serikali, na muhuri usomeke.

Kuhusu mkopo, HESLB ilianza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, kwa kozi za kipaumbele. Neno "afya" kwenye tangazo halimaanishi kila kozi ya afya. Tafuta jina la kozi yako, herufi kwa herufi, kwenye orodha ya mwaka huo, kabla baba hajamwambia mnunuzi wa parachichi kwamba shamba haliuzwi tena.

Ukisharipoti bado kuna jambo moja. Chuo kinapeleka majina NACTVET kwa uhakiki, na wewe una uwezo wa kuangalia kama jina lako limepita. Angalia ndani ya muhula wa kwanza. Jina lililokataliwa kwa sababu ya Elasto na Erasto linarekebishika Novemba. Likigundulika mwaka wa pili, unakuwa umelipa ada ya chuo ambacho kwenye kumbukumbu za taifa hujawahi kusoma.